Nikikanyaga breki taa inafifia: je, waya zote zibadilishwe?

"Shikamoo fundi. Nina Corolla DX wagon ya mwaka 1997 niliyoachiwa na marehemu baba. Naishi Likoni na kazi yangu iko mjini, kwa hivyo navuka feri na gari kila siku. Tangu masika, taa zimeanza vituko. Nikikanyaga breki usiku, taa ya nyuma ya kushoto inafifia badala ya kung'aa, na indiketa ya upande huohuo inamulika kwa mbali ilhali sijaiwasha. Indiketa ya kushoto yenyewe inapigapiga mbio kuliko ya kulia. Mvua ikinyesha, fyuzi ya taa ndogo inakatika. Imekatika mara nne, ndipo fundi mmoja akaniwekea ya 30 ili isisumbue tena. Taa kubwa za mbele nazo ni kama koroboi. Fundi huyo anasema gari linataka kung'olewa waya zote lipigwe waya mpya. Mwingine anasema niweke balbu za LED kila mahali na shida itakwisha. Nimfuate yupi?"

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kwa sasa usimfuate hata mmoja. Ulivyoeleza dalili zako, naona kasoro mbili au tatu ndogo zilizokutana kwenye gari moja, na sehemu kubwa utaweza kuithibitisha mwenyewe kwa kipande cha waya na Jumamosi moja asubuhi. Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo la kufanya leo, kabla hujawasha gari: ichomoe ile fyuzi ya 30.

Watu wengi wanadhani fyuzi ni ya kulinda balbu. Fyuzi inalinda waya. Waliotengeneza gari walijua unene wa waya unaokwenda kwenye taa ndogo, wakachagua fyuzi itakayokatika kabla waya huo haujapata moto wa kuyeyusha ngozi yake. Namba hiyo imeandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, pale penye neno TAIL, na kwa magari ya aina yako mara nyingi ni ampea 10 au 15. Ukiweka 30, waya ndio unageuka kuwa fyuzi, nao unapita chini ya zulia, nyuma ya viti, karibu na sponji na nguo. Nimewahi kuinua zulia la gari lililofanyiwa hivyo nikakuta waya saba zimeyeyuka zikashikana kama halua. Mwenye gari alikuwa amesikia harufu kwa wiki mbili akadhani ni breki. Fyuzi ikikatika mara nne, inakuambia mara nne kwamba kuna mahali umeme unavuja. Rudisha ya kiwango kilichoandikwa. Ikikatika tena, kaa bila taa ndogo mpaka kasoro ipatikane, na usiku gari lisitoke. Acha gari Likoni uvuke kwa miguu siku hizo chache; anayevuka kwa miguu hata nauli halipi.

Sasa tuje kwenye breki. Taa inayofifia ukikanyaga, indiketa inayomulika bila kuitwa, na indiketa inayokwenda mbio, ukiziweka pamoja ni ugonjwa mmoja. Sisi mafundi tunauita athi mbovu.

Umeme wa gari una safari mbili. Unatoka kwenye betri kupitia fyuzi na swichi hadi kwenye balbu, kisha lazima urudi betri. Ili kupunguza waya, waliounda gari waliifanya bodi yenyewe ya chuma kuwa njia ya kurudia, na njia hiyo ndiyo athi. Ndani ya taa yako ya nyuma ya kushoto kuna nyuzi kadhaa za balbu: uzi wa taa ndogo wa wati 5, uzi wa breki wa wati 21, na balbu ya indiketa ya wati 21. Kila mmoja una waya wake wa kuleta moto, yaani umeme unaotoka betri, lakini zote zinarudi kwa waya mmoja tu wa athi, uliofungwa kwa boliti kwenye bodi. Boliti ile ikishika kutu, mlango wa kutokea umefungwa kwa wote.

Fikiria barabara ya Makupa ikifunga kwa msongamano jioni. Magari hayapotei, yanatafuta njia za panya. Umeme wa breki nao, ukikosa njia ya kurudi, unapenya kinyumenyume kwenye uzi wa indiketa, unasafiri kwa waya wa indiketa hadi balbu ya mbele, na huko unaipata bodi nzima unarudi. Njiani umeiwasha indiketa kwa mbali. Ndiyo hiyo unayoiona. Na kwa kuwa taa ndogo na breki sasa zinagombania njia ileile nyembamba, zote mbili zinafifia. Indiketa kwenda mbio ni kwa sababu flasha, yaani rilei inayowasha na kuzima, inapima umeme unaopita. Ukipungua, flasha inaamini balbu moja imekufa, na inaharakisha ili kukuonya. Anza basi kwa kuangalia kama balbu zote mbili za kushoto zinawaka kweli. Balbu hiyo bei yake haifiki mafuta ya kwenda Mtwapa na kurudi, na huwa naona aibu kumtoza mtu pesa za uchunguzi kabla sijaitazama.

Kwa nini magari yetu ya Mombasa yanaugua hivi kuliko ya bara? Chumvi. Upepo wa bahari unaibeba, na chumvi hunyonya unyevu hewani, kwa hivyo hata siku isiyo na mvua kiungo cha waya kinabaki kimelowa kidogo. Wewe unavuka kivuko kila siku, gari linapigwa na upepo huo asubuhi na jioni. Kisha lipo jambo ambalo watu hawalifikirii: sehemu nyingi za kuoshea magari hapa kwetu zinatumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Gari linaoshwa likapendeza, na chumvi imepuliziwa kwa presha hadi nyuma ya taa. Ukifungua holda ukakuta unga wa kijani, hiyo ni shaba iliyoliwa.

Haihitaji kuliwa sana. Kiungo chenye kutu kikiongeza omu 1 tu ya ukinzani, balbu ya wati 21 inapoteza karibu volti moja na nusu. Inaonekana kidogo, lakini mwanga wa balbu ya uzi hushuka haraka kuliko volti: ukipunguza volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua kwa karibu theluthi. Dereva wa tuktuk aliye nyuma yako gizani anategemea mwanga huo kujua kwamba umesimama.

Jaribio lenyewe ni hili. Tafuta waya wa mita mbili au tatu, menya ncha zote mbili. Fungua ubao wa ndani wa upande wa kushoto kule nyuma, uione taa kwa mgongo. Kwenye Toyota waya wa athi ni mweupe wenye mstari mweusi. Ncha moja ya waya wako ifunge kwenye chuma cha bodi ulichokikwangua hadi kung'aa, ncha ya pili iguse ule mguu wa athi kwenye holda au plagi ya taa. Mwenzako akanyage breki. Taa ikiruka ikang'aa na indiketa ikaacha kumulika, umeshapata jibu, wala hakuna haja ya kuondoa waya zote. Ukigusa mguu wa moto kwa bahati mbaya, fyuzi ya breki itakatika na hasara ni ya fyuzi tu. Ndiyo maana nimesema kila fyuzi iwe ya kiwango chake kwanza.

Kama una multimita, utapata jibu kwa namba. Iweke kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Waya mweusi wa mita kwenye chuma safi cha bodi, mwekundu kwenye waya wa athi wa taa, breki ikiwa imekanyagwa. Athi nzima inasoma chini ya 0.2. Ukisoma 1 au 2, hizo ni volti zinazopotea kwenye kutu badala ya kuwasha balbu. Rudia kipimo upande wa kulia uone tofauti.

Dawa yake inataka subira zaidi kuliko pesa. Ufuate ule waya mweupe-mweusi hadi kwenye boliti yake, kwa kawaida ya spana 10. Ifungue. Piga msasa kichwa cha waya, piga msasa chuma cha bodi chini yake mpaka kiwe cheupe, tia washa yenye meno, kaza sawasawa, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa ili hewa ya chumvi isiingie. Holda iliyoliwa miguu usiikwangue kila mwezi; badilisha. Na ukilazimika kuunga waya, kata nyuma kidogo kidogo mpaka ufikie shaba nyekundu inayong'aa, kwa sababu shaba iliyogeuka nyeusi haishiki solda. Ukishapiga solda, vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Tepu nyeusi peke yake kwa joto la hapa inayeyusha gundi, inateleza, na baada ya miezi michache waya uko uchi tena.

Tukija kwenye fyuzi ya taa ndogo, hapa nataka kusahihisha jambo. Kila mtu husema "maji yameingia, ndiyo maana fyuzi inakatika." Maji ya mvua peke yake hayapitishi umeme wa kutosha kukata fyuzi ya ampea 10. Fyuzi ikikatika papo hapo, kuna shaba iliyo uchi inayogusa chuma. Kwa nini basi iwe siku ya mvua? Mara nyingi ni kwa sababu mvua ikinyesha ndipo watu huwasha taa mchana! Jiulize: usiku mkavu haikatiki kabisa? Hukatika ukifungua na kufunga mlango wa nyuma?

Nauliza kuhusu mlango wa nyuma kwa sababu gari lako ni wagon. Waya za taa ya nambari zinatoka kwenye bodi kuingia mlangoni kupitia bomba la mpira pale juu kwenye bawaba. Kila mlango unapofunguliwa waya hizo zinakunjwa. Baada ya miaka karibu 30, ngozi inapasuka ndani ya mpira ambapo jicho halifiki. Chomoa mpira huo ncha moja, uuvute taratibu, ukague waya mmoja mmoja. Mahali pangu pa pili pa kushuku ni nyuma ya redio. Redio ya kubandikwa ina waya wa kufifisha kioo chake usiku, na waliofunga redio huutwaa moto huo kwenye laini ya taa ndogo, kisha wanauacha ukining'inia. Kidokezo: fyuzi ya TAIL ikikatika kwenye Toyota, taa za dashibodi nazo huzimika, maana ni laini moja. Mahali pa tatu ni tundu la trela au taa za urembo zilizowahi kufungwa zikaondolewa.

Usiteketeze fyuzi kumi kwa kutafuta. Chukua balbu ya wati 21, iungie waya mbili, uzitie mahali pa fyuzi. Toa balbu zote za taa ndogo na ya nambari, washa swichi ya taa ndogo. Balbu yako ya majaribio ikiwaka kwa ukali wake wote, shoti ipo. Ikimulika kwa mbali tu, hizo ni taa za dashibodi, usijali. Sasa tikisa waya za mlango wa nyuma, chomoa redio, sogeza kitita cha waya chini ya zulia. Pale utakapogusa na balbu ikafifia ghafla, ndipo penye kidonda. Balbu inauzuia umeme usizidi ampea mbili hivi, kwa hivyo unaweza kutafuta kwa utulivu bila kuunguza kitu.

Angalia pia balbu yenyewe ya breki. Ile ya nyuzi mbili ina miguu miwili ya kuguswa. Mtu akilazimisha balbu ya uzi mmoja kwenye holda ya nyuzi mbili, inaunganisha laini ya breki na ya taa ndogo, na utaona maajabu: ukikanyaga breki, dashibodi inawaka.

Taa za mbele ni habari nyingine. Pima betri injini ikiwa inazunguka. Namba nzuri ni kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikiwa chini ya 13, shida yako ni alteneta au mkanda, na taa zinakupa taarifa tu. Ikiwa sawa, pima kwenye plagi ya balbu yenyewe taa ikiwaka, kutoka mguu hadi mguu. Ukipata zaidi ya volti moja na nusu chini ya ile ya betri, zinapotea njiani. Balbu ya wati 60 inakunywa ampea 5, kwa hivyo nusu omu tu ya kutu inaipokonya karibu nusu ya mwanga wake.

Mkumbushe fundi wako jambo moja hapa, kwa heshima. Kwenye Toyota nyingi za Kijapani za miaka hiyo, swichi ya taa kubwa haikati moto, inakata athi. Moto uko kwenye balbu muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ya fulu na dimu inachagua uzi upi upate njia ya kurudi. Fundi asiyelijua hilo akibana testa yake, ile taa ya kupimia moto, kwenye bodi ataona moto kwenye miguu miwili kati ya mitatu na kusema waya zimeshikana, ling'olewe lote. Sisemi ndivyo ilivyotokea kwako, lakini nimeona gari zima lilivuliwa waya kwa kosa hilo.

Volti zikiwa nzuri na mwanga bado hafifu, tazama ndani ya taa. Ule mng'aro wa fedha nyuma ya balbu ukiwa umebabuka au umekuwa wa kijivu, hakuna balbu itakayouokoa. Taa inataka kubadilishwa. Ikiwa volti ndizo zinazopotea na viungo vimesafishwa, kufunga rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zenye waya nene moja kwa moja kutoka betri, kila moja na fyuzi yake karibu kabisa na betri, ni kazi nzuri na naiunga mkono. Balbu za wati 100 usiziweke. Zinakunywa ampea 8 na zaidi kupitia waya zilezile, na plagi itayeyuka.

LED? Hazitibu athi mbovu. Kwenye indiketa zinakunywa umeme kidogo sana hivi kwamba flasha yako ya zamani itakwenda mbio zaidi. Kwenye taa za mbele, kioo chako kilichongwa kwa uzi wa balbu ulio mahali pamoja maalumu. LED ikikaa milimita chache kando, mwanga unatawanyika kwenye macho ya anayekuja. Kwenye taa ya nambari au ya ndani, weka ukipenda.

Kupiga waya upya gari zima nakubaliana nako katika hali moja: ukiinua zulia ukakuta waya zimeyeyuka, au gari lilizama kwenye maji ya bahari. Kwa kuwa fyuzi ya 30 ilikaa humo kwa muda, inua zulia upande wa dereva na kizingiti cha mlango uangalie. Ukikuta ngozi ya waya imekuwa ngumu, imebabuka au inanuka moshi, achia hapo, toa waya wa hasi wa betri, mwite fundi. Mwite pia ukiona waya umepasuka karibu na tangi la mafuta, alteneta ikisoma zaidi ya 15, au kazi ikikupeleka karibu na usukani kwenye plagi za manjano. Hizo ni za eabagi, ile mifuko ya hewa ya usalama, na testa haiguswi pale kabisa.

Ukienda kutafuta fundi, mtazame anaanza na nini. Aliye na mita na kuuliza maswali kama haya kabla ya kushika koleo, mkalishe. Anayetoboa ngozi ya waya kwa pini kila baada ya inchi anakuachia matundu ya chumvi, na mwakani utarudi. Mwombe akuonyeshe namba kabla ya kutengeneza na baada ya kutengeneza, na akurudishie kila kilichobadilishwa.

Anza na fyuzi, kisha ule waya wa mita tatu kwenye athi ya kushoto. Ukipata nafasi ya kupima, niandikie namba mbili: volti za athi ya kushoto breki ikiwa imekanyagwa, na volti kwenye plagi ya taa ya mbele injini ikizunguka. Nikiziona nitakuambia hatua inayofuata.